Vikombe vya Karamu ya Upendo

Kwa miaka mingi kile kitabu kifupi cha mapenzi kilichomo katikati ya Biblia nilikifundisha kwa dakika tano. Mimi ni mwalimu wa akina mama katika usharika wetu hapa Tabora mjini, na kila tulipokifikia nilisema maneno yale yale: bwana arusi ni Kristo, bibi arusi ni Kanisa, tufungue kitabu kinachofuata. Akina mama walicheka chinichini. Walikuwa wameshachungulia kurasa zile, wakaona mabusu na matiti na manukato, na walijua ninawapiga chenga. Mimi nilikunja uso. Nina uso unaokunjika haraka, na nadhani ndiyo sababu walinichagua kuwa mwalimu.

Siku sita za juma kazi yangu ni cherehani. Nina kibanda Ng'ambo, nashona sare za shule, na ikikaribia Pasaka nashona magauni meupe ya mabinti wa kipaimara. Nimeshona magauni hayo hadi nimezeeka nayo. Sijawahi kushona hata moja bila kukumbuka langu, na sababu yake nitaisema hapo mbele, maana sikukaa kuandika haya ili nijifiche.

Mama yangu anaishi kijijini, upande wa Urambo, katika boma la marehemu baba. Alikuwa mke wa pili. Wa kwanza, ambaye sisi watoto wote tunamwita mama mkubwa, alifunga ndoa kanisani akiwa na shela, na picha yao bado imetundikwa sebuleni kwake, baba amevaa suti ya kuazima. Mama yangu aliingia miaka kadhaa baadaye, mwaka ambao baba aliongeza mashamba ya tumbaku na kujenga mabani mawili ya kukaushia. Tumbaku inataka watu: wa kuchuma, wa kushona majani kwenye fito, wa kulisha moto, wa kupanga madaraja. Nimelifikiria jambo hili maisha yangu yote na siwezi kulilainisha. Baba alioa mikono.

Kanisa letu halimfukuzi mwanamke aliyeolewa hivyo. Anaabudu, anaimba, anatoa sadaka, akifa anazikwa kwa nyimbo. Ila Meza ya Bwana haisogelei. Zipo Jumapili ambapo, kabla ya Meza, tunafanya karamu ya upendo: watu wote, wakubwa kwa wadogo, wanakaa kwenye mabenchi yao na kupitishiwa chai ya maziwa na andazi, tunakunywa na kuimba kama watu wa nyumba moja. Wimbo wa mwisho ukiisha, wasio wa Meza wanatoka nje na mlango unafungwa. Kijijini kwetu wanaotoka huondoka na vikombe, wakavioshe. Hakuna mzee wa kanisa aliyeandika sheria hiyo. Vikombe vilikuwa vichafu, na wanawake walikuwepo nje hawana kazi, ikawa hivyo.

Mama alikaa benchi la mwisho karibu na mlango kwa zaidi ya miaka arobaini. Aliinuka na sinia la vikombe, akatoka, akaosha. Hakuwahi kulalamika, na kutolalamika kwake kulinikera kuliko kitu kingine chochote.

Baba alifariki mwaka juzi. Mwaka wa ujane ulipotimia, mchungaji alimwendea mama kumweleza kwamba sasa hakuna kinachomzuia. Wazee wamekaa, wamekubaliana, wakati wowote akiwa tayari watamrudisha mezani. Mama alimshukuru, akamfungia jogoo amchukulie mkewe, akasema hapana. Mchungaji, ambaye ni kijana na mambo kama hayo hajayazoea, akanipigia simu na sauti imemshuka. Nilifunga kibanda, nikakunja magauni yaliyobaki kutiwa pindo kwenye mfuko, nikapanda basi la asubuhi.

Nilimkuta anapukuchua mahindi uani. Nilimwamkia, akaitika, akanisogezea kigoda na nusu ya mahindi, maana kwake mgeni asiye na kazi mkononi anaumwa. Upande wa pili wa ua mama mkubwa alikuwa anaanika dagaa. Nilikwenda kumpa shikamoo, nikarudi. Wajane wale wawili walikuwa hawagombani, lakini pia walikuwa hawasemeshani. Tangu nikiwa mtoto walizungumza kwa kutupitia sisi: mwambie mama yako chumvi imekwisha, mwambie mama mkubwa mbuzi wake wako kwenye mihogo. Sasa watoto tumetawanyika, na walikuwa wamebakiwa na mjukuu mmoja wa kubebeshwa maneno yote. Akiwa shuleni, boma zima lilikuwa kimya.

Nilimuuliza mama kwa nini amekataa. Sikuuliza kwa upole, kwa sababu njia nzima kutoka Tabora nilikuwa nimejipanga kama wakili. Nilimwambia ametumikia miaka yote hiyo nje ya mlango, leo mlango umefunguliwa, anataka nini tena. Alimaliza gunzi alilokuwa ameshika.

"Mungu amenivumilia siku zote hizi," alisema. "Nikizidisha ataniona sina adabu."

Basi nikamshushia mafundisho yote niliyokuwa nayo. Neema, damu, mwana mpotevu, kila kitu. Nilisema mpaka kuku wakasogea mbali. Yeye aliendelea kupukuchua, na nilipokwisha pumzi alisema, kwa sauti ile ile ya kuzungumzia mahindi, kwamba amesikia mahubiri mengi kuhusu bibi arusi wa Mungu na ameyapenda, lakini hayamhusu.

"Sijawahi kuwa bibi arusi, mayu. Hapa niliingia na jembe."

Huwa ananiita mayu, yaani mama, kama wazazi wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao wanapotaka kuwatuliza. Nilikuwa nimekwenda na majibu ya mtu anayeogopa dhambi zake, na mama hakuwa na hofu yoyote. Alikuwa ameridhika kuvumiliwa. Alimfahamu Mungu kama alivyomfahamu baba: mtu asiyekufukuza ukifanya kazi vizuri. Nikaona kwamba mama yangu anaweza kufa hivyo, akiwa ameokoka kabisa na akiwa hajui kwamba Mungu anamtaka. Jambo hilo lilinitia uchungu mpaka nikaamua sirudi mjini kabla halijatengemaa.

Nilikaa. Asubuhi nilimsaidia kazi, na mchana jua likishapungua ukali tulikaa kivulini nyuma ya nyumba, mimi natia pindo magauni kwa mkono, yeye anachambua maharage. Mama hajui kusoma. Siku ya pili aliniuliza kama ndani ya Biblia kuna mahali ambapo mwanamke anasema mwenyewe, kwa kirefu, bila mtu kumsemea.

Nilifikiri nikajikuta nimebanwa. Mahali pa namna hiyo, pa mwanamke kufungua kinywa mwanzo na kukifunga mwisho, najua pamoja tu. Ni pale pa dakika tano zangu.

Basi nikavaa miwani nikafungua Biblia kwenye simu, nikaanza. Kwa aibu niliyokuwa nayo nilisoma kama mtu anayevuka matope, natafuta pa kukanyaga. Msichana anaanza moja kwa moja kwa kutamani busu, hapo nikaruka. Nikasoma la manukato. Kisha nikaruka tena.

Mama alisema ninaruka. Nilikataa. Akasema ananijua, kila nikifika mahali navuta pumzi na kidole kinateremka kwenye kioo. Akaniambia nirudi mwanzo nimsomee yote, kwani amezaa watoto sita na haoni kitu gani kitakachomshtua humo. Tukacheka wote wawili. Sikumbuki lini tulikuwa tumecheka pamoja namna ile.

Nikarudi mwanzo. Nikafika pale msichana anapowaambia wanawake wa mjini wasimkodolee macho. Anasema yeye ni mweusi kwa sababu jua limemwunguza. Ndugu zake walimkasirikia wakamweka alinde mizabibu yao, na wa kwake mwenyewe hakupata nafasi ya kuutunza. Niliyasoma hayo harakaharaka, nikiwa na mawazo ya mbele ambako najua kuna mengine ya aibu. Mama aliacha maharage.

"Rudia hapo."

Nilirudia. Aliomba nirudie tena. Aliuliza mizabibu ni nini, nikamweleza ni mimea ya zabibu, inayolimwa Dodoma, mashamba yenye kazi nyingi. Akasema, "Kama tumbaku ya watu." Akafungua viganja vyake akaviangalia.

Hapa inabidi niseme juu ya gauni langu.

Asiyelima tumbaku hajui utomvu wake. Ukichuma majani mabichi siku nzima mikono inashika gundi, gundi inashika vumbi, mpaka jioni viganja ni vyeusi kama vya fundi wa magari. Unasugua kwa mchanga na sabuni ya mche, inatoka juu tu. Kwenye mikunjo na pembezoni mwa kucha inabaki msimu wote, na ina harufu kali. Kipaimara chetu kilikuwa Jumapili ya Matawi, katikati ya mavuno. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Gauni langu lilikuwa jeupe, la kitambaa kizito, na mama alikuwa amelipata kwa kuchuma shamba la watu wengine alfajiri kabla ya kwenda shamba la baba. Tulipokuwa tumepanga mstari nje ya kanisa, alikuja kunitengeneza kola. Mabinti wa mama mkubwa walikuwa wanatazama. Nilirudi nyuma hatua moja nikasema, "Mama, utanichafua."

Akashusha mikono. Akaifunga kwenye kanga. Ndani, chai ilipokwisha, alitoka na sinia lake kama kawaida, na mlango ulipofungwa nyuma yake mimi nilifurahi. Hilo ndilo sijawahi kumwambia mtu. Nilifurahi kwamba upande ule wa mlango mimi ni mtu wa Meza, sina mama mwenye mikono myeusi.

Sasa nilikuwa na gauni jeupe la mtoto wa mtu mapajani na simu mkononi, na nikashindwa kuendelea kusoma. Nilimwambia. Nilimwambia maneno yale niliyosema na kwamba nilifurahi. Nililia bila ustaarabu wowote, nikalisogeza gauni la watu lisilowe.

"Lilikuwa gauni zuri," mama alisema. "Haya, endelea. Huyo mwanamume amemjibu nini?"

Nilifuta miwani nikasoma. Mwanamume hamjibu kuhusu jua wala mizabibu. Anamwambia ni mzuri. Anamwambia tena. Anayataja macho yake, nywele zake, shingo, anasema hana kasoro hata moja, anasema asali iko chini ya ulimi wake. Mama, aliyekulia kwa asali ya misitu ya miombo na anayo kwenye kibuyu mpaka leo, alitikisa kichwa polepole kama mtu anayeonja.

"Anamwambia huyo huyo wa jua?"

Nilisema huyo huyo.

"Kabla hajaoga?"

Nilikuwa nimekwisha kufundisha kitabu kile mara nyingi, nikakitaja kwenye semina mbili, na swali hilo halijawahi kunijia. Nilipandisha maandishi, nikayashusha, nikatafuta kwa haki kabisa. Nikamwambia haijaandikwa popote kwamba alioga kwanza.

Mama alirudi kwenye maharage yake na siku hiyo hakutaka nisome tena. Nilimwona jioni anateka maji, anasimama na ndoo, anatabasamu kama anayeona kitu cha mbali. Babu yake alikuwa mpagazi, mmoja wa wale waliobeba mizigo ya watu kutoka kwetu hadi pwani na kurudi, na mama anasimulia kwamba mzee yule alikuwa akisema siku ya kutua mzigo ni ya ajabu, kichwa kinakuwa chepesi mpaka mtu anayumba. Alitembea hivyo jioni ile, nusu anayumba.

Kesho yake tulifika kwenye sehemu ya mlango. Mpenzi anakuja, kichwa chake kimelowa umande, anabisha, anaomba afunguliwe. Msichana yumo ndani kitandani anatoa visingizio: nguo nimeshavua, miguu nimeshanawa, nitaichafuaje tena. Anapoinuka, mwenzake ameshaondoka, na inambidi azunguke mji mzima akimtafuta na kupigwa na walinzi. Mama alimkasirikia sana.

"Mjinga huyu," alisema. Kisha akauliza, "Na huyo anayebisha, mnafundisha kwamba ndiye Mungu?"

Nilimwambia ndivyo tunavyofundisha.

"Mbona hamjasema anabisha namna hiyo? Na umande kichwani?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nadhani tuliona aibu. Tuliona aibu ya mabusu, tukafunika kitabu kizima, na tulipokifunika tulifunika na Mungu anayengoja nje mpaka nywele zinalowa. Mama alisema basi ni hasara kubwa. Akachambua maharage kwa muda mrefu, ndipo akaniambia nimpigie mchungaji simu, nimwambie kwamba yeye atakuja mezani, ila asije mtu kumletea habari za shela.

Ilipangwa Jumapili ya Matawi. Nilirudi mjini kukabidhi magauni yangu, na asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa nimesharudi kijijini, nimevaa kitenge changu kizuri. Kanisa lilijaa makuti. Mchungaji alimwita mama mbele, akamsomea maneno mafupi, akampa mkono, na watu wote wakasimama. Nilikuwa nimekaa mbele na walimu wageni, nikashukuru kwamba nina leso. Kisha mama akarudi kukaa. Akarudi benchi lake lile lile la mlangoni.

Sikulitilia maanani. Mtu na mazoea yake. Chai ikaanza kupita, na mama mkubwa, ambaye kwa uzee wake sasa hagawi tena ila anasimamia, alikuwa kwenye benchi la pili na fimbo yake, anaangalia kila sinia kama lina maandazi ya kutosha. Tuliimba. Wimbo wa mwisho ukaisha, watu wa kutoka wakatoka, vikombe vikagongana kwenda nje, mlango ukafungwa. Niligeuka kumtafuta mama kwa macho. Benchi la mlangoni lilikuwa tupu.

Damu ilinipanda kichwani. Niliinuka mbele ya mchungaji na wazee wote, nikapita katikati ya mabenchi viatu vikilia, nikatoka. Nyuma ya kanisa, karibu na tangi la maji, waliotoka wengine walikuwa wameketi kivulini wanaongea. Mama alikuwa amechuchumaa kwenye beseni, mikono imezama kwenye povu hadi viwiko, sinia la vikombe liko kando. Nilimuuliza anafanya nini hapo.

"Naosha," alisema.

Halafu akaiangalia mikono yake, akaniangalia mimi, na nikaona uso wake unabadilika.

"Nimesahau," alisema. "Miguu imetoka yenyewe."

Nilimwambia ainuke twende. Akaanza: wameshafunga mlango. Mikono imelowa. Kanga imelowa, angalia, nitaingiaje mbele ya watu hivi. Nitangoja Meza nyingine, haiko mbali. Vikombe je, vitaoshwa na nani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpigie kelele, na ninajua kelele hizo zingekuwa na maneno gani. Sijui kilichonizuia. Nilipiga magoti kwenye tope na kitenge changu, nikachukua kikombe mkononi mwake. Nikaanza kukiosha.

Mama alikuwa ameinua mikono yote miwili, inachuruzika, bado anataka kunionyesha jinsi ilivyolowa. Aliishikilia hivyo hewani.

"Nasema kama yule mjinga," alisema.

Akainuka. Magoti yake yalilia. Hakujifuta, hakutengeneza kanga, alizunguka kona ya kanisa kwa mwendo ambao sijamwona nao tangu alipokuwa kijana, na nikasikia mlango unasukumwa.

Madirisha ya kanisa la kwetu ni ya chini na hayana vioo. Pale kwenye beseni, ukiinua kichwa tu, unaona ndani. Nilikuwa sijawahi kukaa pale. Na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba kila kitu kinasikika. Mchungaji alikuwa anaalika watu wa Meza, kwa sauti ya kawaida, na kila neno lilinifikia wazi kama ananiambia mimi: njooni, vyote viko tayari. Miaka arobaini mama alichuchumaa mahali hapa, na mwaliko ule ule unapita juu ya kichwa chake kupitia dirishani, na yeye anasuuza vikombe na kuamini wanaitwa wengine.

Kwetu, kabla ya mkate, kila mtu humpa jirani yake mkono wa kuume, ishara kwamba hakuna kinyongo kati yao. Watu waligeukiana. Mama alikuwa amesimama peke yake mlangoni na hakuwa na jirani, benchi zima lilikuwa limetoka. Nikamwona anaanza kuifunga mikono kwenye kanga, kwa namna ile ile niliyoijua, na nikataka kuruka dirisha.

Mama mkubwa alikuwa ameinuka. Aliacha nafasi yake kwenye benchi la pili, akaja na fimbo kwenye njia ya katikati, taratibu mno, watu wakimpisha, mpaka akafika nyuma. Akautoa mkono wa mama kwenye kanga. Aliuangalia. Kisha akashika ncha ya kanga yake mwenyewe, ile mpya aliyovalia siku hiyo, akaufuta mkono ule, kiganja, mgongo, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayemfuta mtoto. Akafuta na wa pili. Ndipo akampa mkono wake wa kuume.

"Twende mbele," alisema.

Nilimsikia kwa masikio yangu, na sijui neno jingine ambalo wanawake wale waliwahi kuambiana bila kupitia mtoto. Walikwenda pamoja, fimbo moja kati yao, wakakaa benchi la pili. Mkate ulipofika, mama alitoa mikono yote miwili akaifungua mbele ya watu, viganja juu, na mistari myeusi ya tumbaku bado imo. Hakuificha.

Meza ya siku ile ilinipita. Mbele yangu kulikuwa na masinia matatu ya vikombe, na waliokuwa kivulini walikuwa wamenisogelea kuona mwalimu wa mjini anaharibu kitenge. Binti mmoja aliniuliza kama anipokee. Nilimwambia akae, nitaviosha mwenyewe, na akaniambia baadaye kwamba alishangaa kwa sababu sikukunja uso.